Tulicheka Wawili

Ami Mahmood aliiweka simu yake juu ya meza, baina ya birika la kahawa na sahani ya visheti, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikafika mbele ya Miraji. Aliisukuma vile mtu anavyosukuma kitu alichokiokota chooni.

"Soma jina hilo," alisema.

Miraji akainama. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe chini ya koti zito la baridi, na koti hilo hakuna aliyemwambia alivue. Magotini alishika boksi la mithai kutoka duka la Bhavini, pale Kingsbury Road. Masikini, alidhani ameitwa kupewa jibu la posa.

"Ni jina langu, Ami."

"Soma yote. Kwa sauti."

"Maandishi: Miraji Famau."

Nilikuwa nimekaa kando ya mamangu kwenye kochi. Kazi yangu ni kutoa watu damu hospitalini, na kila siku naona nyuso zinavyopauka kabla sindano haijagusa ngozi. Siku ile sikuhitaji kioo kujua uso wangu uko vipi.

Barua ya posa ilikuwa imeletwa na mzee wake wiki mbili nyuma. Kwetu jibu halitolewi siku hiyo hiyo. Kwanza mtu huuliziwa. Babangu alikwisha tangulia mbele ya haki, kwa hivyo nduguye, Ami Mahmood, ndiye walii wangu, mwenye kunioza, na alimuulizia Miraji London nzima. Aliuliza msikitini. Aliuliza kwa Shiraz, mwenye nyumba anayoishi Miraji kule Neasden. Aliuliza hata kwa Bhavini dukani. Kote alirudi na sifa. Kisha mwanawe, Akil, mtu wa miaka thelathini na moja, akamletea simu na kumwambia, "Baba, si huyu huyu?" Akil mwenyewe aliijuaje katuni hiyo, mpaka akaikalia hadi majina ya mwisho, hakuna aliyemuuliza.

"Ulipokuja hapa nilikuuliza kazi," Ami alisema. "Ukaniambia nini?"

"Nilisema natafsiri."

"Nilidhani mahakamani! Hospitalini! Nikakwambia hiyo ni kazi ya amana, mwanangu. Ukajibu nini?"

Miraji alilishika boksi vizuri. "Nilisema alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi!" Ami akapiga goti lake kwa kofi. "Kumbe ni katuni za Kijapani za uchi!"

"Si za uchi, Ami. Ni anime za kuchekesha, za watu wazima. Natafsiri yale maneno ya chini, subtitles. Ni kazi halali, nina contract na kampuni."

"Halali? Haya, tuione halali yako."

Akabonyeza. Sauti za Kijapani zikajaa sebuleni kwetu, maji yakimwagika, wanaume wakipiga mayowe. Sikuhitaji kutazama. Nilijua ni ile hamamu, nyumba ya kuogea ya kale ya mjane Bi Tome, na wale wapangaji wanne wajinga wanaojisifu vifua mbele yake, kisha mmoja anakanyaga sabuni, wote wanaanguka kama ndoo zilizopangwa vibaya, na taulo zinakwenda zake. Hakuna kinachoonekana, mvuke hufunika kila kitu. Lakini mvuke ule haukumfaa mamangu. Alijifunika uso kwa mtandio.

"Zima, shemeji, zima!"

"La, sizimi. Kuna maneno hapa nataka uyasikie." Ami akavaa miwani. Alisoma Kiingereza kwanza, kisha akatutafsiria, neno kwa neno, kama hakimu. "Huyu kikongwe anawatazama hawa wanaume, anawaambia: 'Jifunikeni. Nimeona makubwa kuliko hayo sokoni, na sikununua.'"

Vikombe vikagongana. Shangazi Ruweida alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia mikononi, na sinia lilikuwa linatikisika. Shangazi ni dadake Ami, na ndiye somo, anayewafunda mabinti wetu wote hapa London. Hakuna bi harusi anayetoka kwetu bila kupita mikononi mwake. Hakumtazama Ami wala Miraji. Alinitazama mimi.

"Wajapani wamesema hivyo?" Ami aliuliza.

"La," Miraji alisema polepole. "Mzaha wao hautafsiriki. Ilibidi niutoe, nitafute mwingine wa kuchekesha."

"Ukautafuta wapi uchafu huu?"

Hapo Miraji akainua macho. Yana kope ndefu macho yale, na yakinitazama huwa nasahau nilichokuwa nikisema. Safari hii yaliniuliza swali moja tu, kwa upole, bila kunilazimisha. Na mimi, Malak niliyempenda mtu yule miezi kumi na minne, nikatazama zulia.

"Ni yangu, Ami," alisema Miraji. "Jina ni langu, na maneno ni yangu."

"Basi kwetu huna mke."

Miraji alisimama. Aliliweka boksi la mithai juu ya meza, taratibu, akaliweka sawa. Alimwambia mamangu, "Nisamehe, mama, kwa aibu hii," akatoka. Mlango wa mbele ulifungwa bila kishindo, na afadhali angeupigiza.

*

Wacha nikwambie kuhusu kicheko hicho, kwa sababu ndicho kilichotufikisha pale.

Kila Jumapili baada ya alasiri mamangu huenda kwa Shangazi. Mimi hubaki jikoni kwetu Queensbury, Miraji jikoni kwake Neasden, simu zetu tumeziegemeza kwenye mikebe ya sukari. Tunahesabu moja, mbili, tatu, tunabonyeza pamoja, na tunatazama kipande alichokuwa akikifanyia kazi wiki hiyo. Mara ya kwanza nilikizima baada ya dakika tano. Nikamwambia, "Upuuzi gani huu? Watu wazima wanatazama haya?" Akasema, "Nusu ya wanaoandika maoni wanayatukana, nusu wanacheka mpaka wanalia. Hakuna wa katikati." Wiki iliyofuata nilikitazama tena ili nimthibitishie kwamba mimi ni wa nusu ya kwanza. Nilianguka kutoka kwenye stuli.

Sijui kueleza vizuri. Wiki nzima nashughulika na miili ya watu, wagonjwa, wazee, wanaofunika makovu yao mbele yangu kwa haya. Halafu Jumapili naonyeshwa kwamba mwili ni kitu cha kuteleza kwenye sabuni tu, na mjane wa miaka sabini hashangazwi nao. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Na siku Miraji alipokwama kwenye mzaha ule, mimi ndiye niliyempa maneno. Yalinitoka bila kufikiri. Aliandika, akasoma, akaweka kalamu chini, akacheka mpaka simu yake ikaanguka ndani ya karai la vyombo. Aliniuliza, "Umeyatoa wapi haya?" Nikasema, "Kichwani mwangu." Sikumwambia kwamba yaliingia kichwani mwangu kwenye ukumbi wa kukodi, siku ya hina ya binamu yangu, wanawake peke yetu, mlango umefungwa, simu zetu zote zimekusanywa kwenye kikapu. Sikumwambia aliyeyasema.

*

Nilimkuta kwenye kona, karibu na kituo cha basi. Nilikuwa nimetoka na ndara, bila koti, na baridi ya Januari ilinipanda kutoka nyayoni.

"Miraji! Simama nizungumze nawe!"

Alisimama lakini hakugeuka mara moja. Alipogeuka nilimuona amekasirika vile sijawahi kumuona.

"Hilo zulia lenu," alisema, "lina nini? Maana nilikutazama, ukalitazama. Nataka kujua limenishinda kwa nini."

"Usinifanyie mzaha!"

"Mzaha ndio kazi yangu. Hukusikia?"

"Kazi yako!" Nilipandwa na hasira na nikafurahi kuipata, kwa sababu ilinifunika aibu. "Kazi uliyoificha! Wiki mbili ami yangu anakusifu msikitini kwa kazi usiyoifanya, nawe unaitikia alhamdulillahi!"

"Sikusema uongo."

"Ulijua alichodhani, ukamwacha adhani!"

"Niliogopa, Malak! Nilimuona mzee amefurahi, nikaogopa kumkatiza. Haya, ndiyo. Nimekosa."

"Basi na mimi niliogopa! Tofauti yetu iko wapi?"

"Tofauti ni hii." Alinisogelea, na sauti yake ikashuka, na ikaniuma zaidi ilipokuwa chini. "Mimi nilipobanwa, nilikulinda wewe. Wewe ulipobanwa, ulijilinda."

Na mimi nikikosa jibu huwa mbaya.

"Umenilinda na nini?" nilisema. "Na jina lako lililoandikwa chini ya wanaume walioangusha taulo? Nikushukuru?"

Mama mmoja wa Kigujarati aliyekuwa akingoja basi aligeuza uso wake upande wa pili. Nilitamani kuliokota neno lile na kulimeza, lakini lilikwisha mfika.

"Ulicheka," alisema. "Kila Jumapili ulicheka. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia nirudishe nyuma tutazame tena. Nilikuwa nikifanya kazi wiki nzima nikiwaza, hapa Malak atacheka, na hapa. Sikuwa nikiwaandikia Waingereza. Nilikuwa nikikuandikia wewe."

"Miraji..."

"Siwezi kuoa mwanamke anayecheka nami jikoni na kunikana sebuleni. Leo ni katuni. Kesho itakuwa nini? Watoto wangu wakikosea mbele ya watu, utatazama zulia?" Alifunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kimoja. "Nitamwambia mzee aje kesho achukue barua yake. Rudi ndani, utaumwa na hiyo baridi."

Akaenda zake kuelekea stesheni. Hata katika kuniacha alikumbuka kwamba sina koti. Nililia njia nzima kwa ghadhabu, na sijui nilimghadhibikia nani zaidi.

*

Shangazi Ruweida alikuwa jikoni anaosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

"Funga mlango," alisema. Nilipoufunga, akanigeukia na mikono yake inadondoka povu. "Nani aliyatoa maneno yangu nje?"

"Mimi."

"Kikapu cha simu nakiweka mlangoni kwa nini, Malak? Kwa mapambo?"

"Sikuyatoa kwa simu."

"Uliyatoa kwa kinywa, vibaya zaidi! Pale mimi nina mtoto wa watu anatetemeka, kesho yuko na mwanamume asiyemjua. Namchekesha ili asiogope. Maneno yale ni dawa. Umeichukua dawa yangu ukaenda kuimwaga barabarani, kila mpita njia airambe!"

"Kwani wapita njia hawaogopi? Mimi je? Mimi ninayeshika mikono ya watu sitini kwa siku, sihitaji kucheka mpaka nipakwe hina? Kile kikongwe cha kwenye katuni nilikipenda kwa sababu ni wewe, Shangazi! Ni wewe mtupu! Kinasimama mbele ya wanaume wanaojiona, na hakibabaiki!"

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Nimekukasirikia! Ulisimama pale na sinia, unasikia mtu anavunjiwa heshima kwa maneno ya kinywa chako, ukanyamaza."

"Yangu mimi yalikuwa na mlango," alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo. Kisha ikapanda tena. "Na wewe? Mchumba ni wako! Mbona ulinyamaza?"

"Ndiyo. Tulinyamaza wawili."

Bomba lilikuwa linatiririka. Shangazi alilifunga. Alijifuta mikono kwa kanga, kidole kwa kidole, bila kunitazama. Sikungoja aniambie kitu. Nilifungua mlango nikaingia sebuleni na ndara zangu zenye tope.

Ami alikuwa akimwambia mamangu habari za kijana mwingine, mhasibu wa Harrow. Alikuwa amefika kwenye gari la huyo mhasibu.

"Ami," nilisema. "Yale maneno ya sokoni si ya Miraji. Ni yangu. Mimi ndiye niliyempa."

Mamangu akatoa mlio kama mtu aliyejichoma kwa mafuta ya moto.

"Kaa chini," Ami alisema. "Unamtetea. Mapenzi yanakufanya useme uongo."

"Uongo nilikwisha usema, nilipokaa kimya. Kila Jumapili tunatazama pamoja kwa simu, mimi nikiwa jikoni humu, na nacheka. Nacheka kuliko yeye. Ikiwa huo ni uchafu, basi nilichafuka wakati mmoja naye. Umfukuze kwa kukuficha kazi yake, hapo una haki. Lakini kwa maneno yale usimfukuze, nifukuze mimi."

Ami alivua miwani. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na mshipa wa shingo umemsimama. Alisema kwa kunong'ona, na nilimuogopa zaidi kuliko akipiga kelele. "Na wewe, binti ya ndugu yangu, uliyatoa wapi maneno kama hayo?"

Nilifungua kinywa. Nilijua kwamba nikimtaja Shangazi nitakuwa nimefungua mlango ambao wanawake wetu wameufunga miaka yote, na hakuna binti atakayeingia tena ukumbini akacheka kwa raha. Nikaona sasa alichokiona Miraji aliponitazama.

"Nimeyatunga mwenyewe," nilisema.

"Hujayatunga," ikasema sauti nyuma yangu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani, bila sinia safari hii.

"Ni yangu, Mahmood. Nayasema kila hina, mwaka wa thelathini na tano sasa. Na kama unataka kujua aliyeyacheka kuliko wote, ni mkeo, Mungu amrehemu. Siku ya hina yake alikuwa analia, hataki kuja kwako, anakuogopa. Nikamwambia maneno hayo. Akacheka mpaka hina ikaharibika, tukaipaka upya. Ndivyo ulivyopata mke aliyekuja kwako anatabasamu."

Ami Mahmood alimtazama dadake, akatazama simu iliyokuwa bado juu ya meza, na kitu kikapita usoni mwake ambacho sikukijua. Bi Rukia, mkewe, alifariki, huu ni mwaka wa tatu sasa. Wote tunakumbuka alivyokuwa akicheka.

"Hakuniambia," alisema hatimaye.

"Si la kukuambia. Nawe hukupaswa kulisikia mpaka ufe. Nimelisema kwa sababu ya huyu." Akanielekezea kidevu. "Na bado nimemkasirikia."

Ami aliichukua simu yake akaigeuza uso chini. "Aliniongopea kazi yake," alisema. "Hilo sijamsamehe. Atakuja hapa na mzee wake, aniambie mwenyewe anafanya nini, neno kwa neno, bila alhamdulillahi. Baadaye ndio nitasema nitakavyosema." Akaifuta miwani kwa ncha ya shati. "Mpigie."

"Hapa?"

"Hapa. Kule jikoni si mmejificha vya kutosha?"

Nilipiga, nikaweka sauti wazi. Iliita mara sita.

"Nini, Malak?" Sauti yake ilikuwa kavu. Nyuma yake palikuwa na upepo.

"Niko sebuleni. Ami yupo, mamangu yupo, Shangazi yupo. Wanakusikia." Nilishika simu kwa mikono miwili. "Nimewaambia tulicheka wawili. Nimewaambia maneno nilikupa mimi. Nilikukana, na lile neno la taulo nililokwambia barabarani lilikuwa ovu. Sikuombi uache kukasirika."

Shangazi akashindwa kujizuia, akainama juu ya simu.

"Na umeyakata!" alisema. "Miraji! Maneno yangu umeyakata! Si 'na sikununua' tu. Ni 'nikayapapasa, nikauliza bei, nikacheka, nikaenda zangu'!"

"Ruweida!" Ami akafoka, akaziba masikio yake.

"Mistari ni miwili tu, Shangazi," Miraji alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika, sikujua kwa kicheko au kwa kilio. "Hayaenei. Watu hawawahi kusoma." Kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Malak. Bado nina hasira nawe. Nyingi."

"Na mimi ninazo. Njoo ukasirikie hapa, mbele ya watu." Nikasikia sauti ya chuma ikikaribia upande wake. "Uko wapi?"

"Stesheni."

"Mpaka sasa? Si uliondoka zamani?"

"Treni tatu zimenipita," alisema.

Nilisikia ya nne ikiingia. Nilisikia milango ikifunguka na watu wakishuka, na ile sauti ya tangazo ikiwataka wanaopanda wawe waangalifu. Mamangu aliushika mkono wangu. Milango ikafungwa. Treni ikaondoka ikielekea Neasden, ikapungua, ikaisha, na baada yake nikasikia upepo ule ule, na pumzi za Miraji.